Uongozi Huanzia Kwenye Zamu

Barua ya kumteua mwalimu mkuu wa shule ya msingi hutoka halmashauri. Ina kumbukumbu namba, ina saini na muhuri, na husomwa ikaisha kwa dakika moja. Anayeipokea, kama kweli anaifaa kazi hiyo, amekuwa akiandaliwa kwa miaka mingi kabla karatasi haijachapwa. Aliandaliwa katika wiki za zamu, katika vikao vya walimu, na katika saa za mchana ambapo watoto wameshatawanyika na ofisini wamebaki watu wawili na rundo la madaftari. Mmoja wa hao wawili ni yeye. Wa pili ni mwalimu mkongwe ambaye jina lake halitatajwa kwenye barua yoyote. Makala haya yanamhusu huyo wa pili, na ustadi wake wa kumlea mwalimu mgeni wa kazi mpaka akawa mtu wa kuongoza wenzake.

Tuanze na huyo mgeni. Katika Tanzania, mwalimu wa shule ya msingi hutoka chuoni, pengine Butimba, Mpwapwa, Korogwe au Tabora, akiwa na cheti na kumbukumbu za wiki chache za mazoezi ya kufundisha. Huripoti halmashauri, akaelekezwa kata, na kutoka hapo shuleni. Kwa miezi 12 ya mwanzo yuko katika kipindi cha majaribio, na baada ya hapo ndipo huthibitishwa kazini. Kwenye karatasi, hicho ni kipindi cha kumpima. Shuleni mambo huwa mengine: siku ya pili au ya tatu anakabidhiwa darasa, na mara nyingi ni lile ambalo hakuna aliyeligombania. Linaweza kuwa darasa la kwanza lenye watoto wengi mno kupita kiwango cha 45 kilichowekwa, au hisabati ya darasa la tano iliyokaa muda mrefu bila mwenyewe. Anapanga chumba kijijini, anatafuta pa kuchotea maji, anasubiri mshahara wa kwanza, na kila asubuhi anatakiwa asimame mbele ya watoto kama mtu anayejua.

Mwalimu mkuu mwenye busara humpa mlezi siku hiyo hiyo. Mwingine husahau, na mlezi hujichagua mwenyewe kwa kusogeza kiti. Kwa kawaida ni mtu aliyefundisha madarasa ya chini kwa miaka mingi, ambaye nusu ya wazazi wa kijiji walipita mikononi mwake. Cheo hana, na pengine hakukitaka. Jambo la kwanza analolifanya halionekani hata kuwa ni malezi: mbele ya watoto anamwita kijana huyo "Mwalimu", kwa sauti ileile anayomwitia mwalimu mkuu. Faraghani atamwita "mwanangu" akitaka, na kijana atamwamkia shikamoo kila asubuhi kama inavyopasa. Watoto hawaoni hayo ya faragha. Wanaona kwamba Madamu wanayemwogopa na kumpenda kuliko wote anamheshimu mgeni, nao wanafuata.

Baada ya hapo mlezi huomba kuona maandalizi. Azimio la kazi hulipitia haraka, kwa kuwa azimio hunakiliwa. Kwenye andalio la somo ndipo anapotulia. Ukimtazama akilisoma utaona haanzii juu, kwenye umahiri na malengo. Anashuka moja kwa moja mpaka chini, kwenye tathmini. Hapo kuna sentensi ambayo kila mwalimu wa nchi hii anaijua: zaidi ya asilimia 75 ya wanafunzi wameelewa somo. Wako wanaoiandika usiku, kabla ya somo lenyewe kufundishwa. Mlezi hamkemei kijana kwa hilo. Anauliza tu: "Hawa robo waliobaki ni akina nani?" Kijana akishindwa kutaja jina hata moja, amekwisha kujifunza kwamba andalio ni chombo chake mwenyewe, na mthibiti ubora akija atakikuta kinafanya kazi. Andalio la wiki inayofuata huja na majina mawili matatu yameandikwa pembeni kwa penseli.

Kisha mlezi anaingia darasani na kukaa nyuma. Hapa pana ustadi ambao mtu wa nje anaweza kuupita bila kuuona, maana kwa juu ni mama mtu mzima amekaa kwenye dawati dogo, magoti yamemzidi urefu, ana kalamu mkononi. Anachotazama si uso wa mwalimu. Anatazama midomo ya watoto. Darasa linapoimba "ba, be, bi, bo, bu" kwa pamoja, sauti inajaa chumba na mwalimu mpya anaridhika. Mlezi anajua wimbo huo unaweza kuimbwa na mtoto asiyeijua herufi hata moja. Anasubiri kuona kama mwalimu atagusa "bo" kabla ya "ba", ili wimbo ukatike na kusoma kuanze. Anamtafuta mtoto anayechelewesha mdomo kidogo ili aokote neno kwa mwenzake. Anahesabu ni wangapi wameitwa ubaoni, na kama wote wanatoka madawati ya mbele. Anaangalia chaki ilivyoandika: je, aliyekaa ukutani anaona? Karatasi yake mwishoni ina mistari michache, na karibu yote inawahusu watoto.

Anajua pia kwamba yeye mwenyewe si msahafu. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulioanza mwaka 2015 uliweka kusoma, kuandika na kuhesabu, yaani KKK, kuwa kiini cha miaka hiyo miwili, na ukasisitiza kufundisha sauti za herufi. Walimu wengi wakongwe walikuwa wamezoea njia nyingine na ilibidi wabadilike wakiwa na mvi tayari. Kijana wa chuoni kaja na njia mpya mikononi. Vilevile vishikwambi vilipowafikia walimu baada ya Sensa ya mwaka 2022, kijana ndiye aliyekaa na Madamu kumwonyesha pa kubonyeza. Mlezi mzuri huruhusu hayo yaonekane na wote ofisini. Anapouliza kitu hadharani, anamfundisha kijana somo ambalo halimo kwenye mtaala wowote wa uongozi: kwamba mkubwa akiuliza, hapungui.

Mazungumzo baada ya somo ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, na ni mafupi. Huenda hivi:

"Shikamoo Madamu."

"Marahaba, Mwalimu. Haya, kaa. Somo umelionaje?"

"Limekwenda vizuri, ila muda haukutosha."

"Sawa. Yule mtoto wa dirishani, wa sweta lisilo na vifungo, leo kasoma nini?"

Kijana anafikiri. "Sikumwona, Madamu."

"Basi kesho mwone yeye. Wengine utawaona keshokutwa."

Mazungumzo yameisha. Kwenye karatasi ya mlezi yalikuwapo mambo saba, ametoa moja. Mengine sita ameyaweka, na baadhi yake yatajirekebisha yenyewe kijana akishaanza kutazama watoto. Mlezi mchanga, au mkaguzi wa mtindo wa zamani, angeyamwaga yote saba, na kijana angetoka pale akikumbuka aibu tu. Kujua lipi moja la kusema leo ndio ujuzi wenyewe, nao haupatikani kwa semina ya siku tatu. Hutokana na kuwa umefundisha darasa hilohilo mara nyingi kiasi kwamba unajua kosa lipi ni shina na yapi ni matawi.

Mpaka hapa tumesema habari ya kufundisha. Uongozi unaingiaje? Unaingia Jumatatu, kijana anapopewa zamu.

Anayetaka kujua shule ya msingi inavyoendeshwa afuate mwalimu wa zamu kwa wiki moja. Anafika kabla ya wote. Anahakikisha kengele imepigwa, iwe kengele ya kweli au rimu la gari lililoning'inizwa mtini. Anasimamia usafi, anapanga viranja, anakagua kucha na sare mstarini, anatangaza, anawaingiza watoto madarasani. Darasa lisilo na mwalimu ni lake. Mtoto aliyeumwa tumbo ni wake. Uji ukichelewa, mzazi akija na malalamiko, mbuzi wakiingia kwenye bustani ya shule, wote wanaulizia mwalimu wa zamu. Jioni anaandika kwenye kitabu cha zamu: walimu waliofika, wanafunzi waliohudhuria, matukio, maoni. Ijumaa anakabidhi. Kwa wiki hiyo, mtu wa miaka 24 anaamuru shule nzima, na walimu waliomzidi umri mara mbili wanatakiwa waitikie kengele yake.

Fundi cherehani hampi mwanafunzi mkasi na kitambaa cha mteja siku ya kwanza. Humpa vifungo, pasi, na mishono ya kufumua. Mlezi naye hupanga zamu za kijana kwa ngazi. Zamu ya kwanza wanashika pamoja, na kijana anabeba kengele na daftari. Ya pili, kijana anasimama mbele mstarini na mlezi yuko nyuma ya mistari, akisogea polepole pale ambapo minong'ono imezidi. Ya tatu, mlezi amekaa ofisini anasahihisha. Mzazi anaingia amefura, anamwendea yeye kwa mazoea, naye anajibu bila kuinua kalamu: "Mwalimu wa zamu yuko pale, mzazi. Atakusikiliza." Sentensi hiyo ina uzito mkubwa kuliko inavyosikika. Kwake ingekuwa rahisi mara kumi kulimaliza jambo mwenyewe. Anamwachia kijana, na masikio yake yanasikiliza kila neno.

Kipimo kikubwa cha zamu huwa ni fimbo. Watoto kumi na kitu wamechelewa, mvua inanyesha, vipindi vinasogea, na fimbo iko juu ya kabati. Kanuni ziko wazi. Kanuni za mwaka 2002 zinataka viboko visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, mtoto wa kike aadhibiwe na mwalimu wa kike kama yupo, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Mwalimu mpya wa zamu hana ruhusa hiyo, ingawa wengi wamekuwa wakijipa. Mlezi anaweza kumsomea kanuni, na ni vema azisome. Aliye stadi huongeza kazi. Anamwambia kijana awaulize hao waliochelewa wanakaa wapi, aandike kitongoji mbele ya kila jina, afanye hivyo wiki nzima. Ijumaa orodha inajieleza: karibu wote wanatoka upande mmoja, kule ambako mto ukijaa watoto huzunguka. Jambo limehama kutoka kwenye makalio ya watoto na kuwa hoja ya kupeleka kwa mwenyekiti wa kijiji. Kijana aliyetaka kuchapa anatumwa kwenda kuieleza. Ndani ya siku tano amepita kutoka kuwa msimamizi wa mistari hadi kuwa mtu anayetafuta chanzo.

Kuna mambo ya kikaoni pia. Kikao cha walimu kina utaratibu wake wa nani anakaa wapi na nani anasema baada ya nani, na mwalimu mpya anaweza kukaa miaka mitatu bila kufungua kinywa. Mlezi humtafutia ajenda ndogo, tuseme taarifa ya vitabu vilivyopotea, ambayo hakuna wa kuipinga. Mara nyingine humpa kazi nzito zaidi: kumsaidia mwalimu wa taaluma kuchambua matokeo ya jaribio la mwezi. Kijana anachora jedwali zuri, analipenda, na jedwali linaonyesha kwamba darasa la mwalimu mmoja mkongwe limeanguka kwenye kuandika insha. Usiku wa kuamkia kikao ndipo mlezi anapofanya kazi yake. Anamtuma kijana kwa mkongwe yule, nyumbani, na daftari mkononi, amwonyeshe namba kabla hazijawekwa mezani, amwombe maelezo. Mkongwe ataeleza: alikuwa mgonjwa wiki mbili, vipindi vilishikwa na kiranja. Kesho yake kikaoni namba ni zilezile, hazikufichwa, ila sasa mkongwe ndiye anayezieleza mwenyewe na kuomba msaada. Kijana amejifunza kwamba ukweli una njia ya kufikishwa, na kwamba heshima na ukweli vinaweza kukaa kwenye kikao kimoja bila kugombana.

Malezi ya namna hii hayakuanza na mradi wowote. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilipoamua kwamba watoto wote waandikishwe shule kufikia mwaka 1977, nchi haikuwa na walimu wa kutosha wala vyuo vya kuwafundisha wote. Vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa kwa makumi ya maelfu na kufundishwa ualimu wakiwa hukohuko vijijini. Walifundisha sehemu ya siku na kujifunza sehemu nyingine, kwa masomo ya posta, vipindi vya redio, na walimu waelekezi waliowazungukia. Walimu hao, walioitwa wa UPE kwa jina la mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote, walibezwa sana, na dosari zilikuwapo kweli. Lakini yeyote aliyekulia vijijini miaka ya themanini na tisini anamjua mmoja wao aliyekuja kuwa mwalimu mkuu wa kuaminika, na ukimfuatilia utakuta nyuma yake mwelekezi au mkongwe aliyekaa naye. Nchi nzima iliwahi kutegemea ulezi wa kazini kwa sababu haikuwa na kingine. Kilichofanya kazi wakati ule ni hicho hicho kinachofanya kazi leo: mtu anayejua, aliye karibu, anayerudi tena wiki ijayo.

Mafunzo rasmi ya uongozi yana mahali pake. Bagamoyo kilikuwapo chuo cha MANTEP, ambacho mwaka 2001 kiligeuka kuwa Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, ADEM, na walimu wakuu wengi wamepita pale kujifunza mambo ya fedha, mipango na usimamizi wa watumishi. Miaka ya karibuni pamekuja MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, yanayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Uzuri wa MEWAKA ni kwamba mpango huo umeyarudisha mafunzo shuleni. Walimu wa shule moja hukutana katika jumuiya yao ya kujifunza, huchagua tatizo lao, hujadiliana, hujaribu darasani, hurudi kusimulia. Kwa mlezi hiyo ni zawadi, kwa maana kile alichokuwa akikifanya kwa kuiba muda sasa kina siku na saa yake.

Jumuiya ikiendeshwa vibaya inakuwa karatasi ya mahudhurio na picha ya kutuma kwenye kundi la simu. Ikiendeshwa vizuri inapendeza kuitazama. Chukua kutoa kwa kukopa. Mtoto wa darasa la tatu anapewa 52 toa 27, anaandika 35. Mwalimu asiye na subira anapiga kosa na kusonga mbele. Kwenye jumuiya nzuri, mwalimu mpya aliyepewa uwezeshaji siku hiyo, kwa ushauri wa mlezi wake, haji na hotuba. Anakuja na madaftari sita. Anawauliza wenzake: "Huyu mtoto amefikirije?" Wanabishana. Mmoja anagundua kwamba mtoto ametoa 2 kwenye 7, kwa kuwa siku zote ameambiwa ndogo hutoka kwenye kubwa. Kumbe 35 si ubutu wa mtoto. Ni utii wake kwa kanuni aliyofundishwa na mwalimu wa mwaka jana, ambaye yumo humo chumbani. Watu wanacheka, na yeye anacheka pia. Kisha wanachukua njiti, wanafunga mafungu ya kumikumi, na kukubaliana namna ya kuanzia Jumatatu, wote, madarasa yote ya chini. Kijana wa mwaka wa pili kazini ameongoza mabadiliko ya ufundishaji katika madarasa matatu bila kumwamuru mtu yeyote. Mlezi alikaa karibu na mlango, akachangia mara moja tu, mwishoni, kuuliza nani atawaletea njiti.

Kuanzia hapo ngazi zinapanda kwa kasi kidogo. Kijana anaweza kuwa msaidizi wa taaluma, kisha mwalimu wa taaluma kamili. Anaingizwa kwenye maandalizi ya kikao cha kamati ya shule, ambako mwalimu mkuu ndiye katibu, na anaandika rasimu ya muhtasari. Anajifunza kusoma hesabu za ruzuku. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, ruzuku ya shule ya msingi ilipigiwa hesabu ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu yake ikatengwa kwa vitabu bila kupitia shuleni. Kinachofika ndicho cha kununulia chaki, kukarabati madawati na kuchapisha mitihani. Mlezi anamsimamisha kijana mbele ya ubao wa matangazo, palipobandikwa mapato na matumizi, amwambie ni swali gani mzazi mkali angeliuliza hapo. Ni zoezi la dakika kumi. Wako waliopewa shule bila kuwahi kulifanya, na wakaja kuulizwa swali hilo mkutanoni kijiji kizima kikiwasikiliza.

Halafu inafika siku ya kukaimu. Mwalimu mkuu ameitwa halmashauri, msaidizi ana ruhusa ya msiba, na funguo zinaachwa kwa kijana. Siku hiyo kwa kawaida hakuna kubwa linalotokea, na ndiyo maana inafaa. Anaamua mambo madogo kumi na mawili, anaandika yote, anakabidhi jioni. Mlezi hakumwambia lolote tangu asubuhi. Jioni anamuuliza swali moja: "Lipi uliliamua haraka kuliko ulivyotaka?" Swali hilo linamfundisha kijana kurudi nyuma na kujikagua mwenyewe, na mtu akishapata tabia hiyo, hata akihamishiwa shule ya mbali isiyo na mkongwe, ataendelea kukua.

Kwa walimu wa kike mlezi huwa na kazi ya ziada. Shule nyingi za msingi zina wanawake wengi ofisini, ila majukumu ya mbele huangukia kwa wanaume kwa mazoea tu: yeye ana mtoto mchanga, yeye mume wake yuko mbali, yeye atahama. Mlezi aliyepita njia hiyo anajua sababu hizo husemwa kwa huruma na huzuia kwa nguvu. Humsukuma binti ashike zamu yake yote bila kupunguziwa, kisha anamshikia mtoto saa ya kikao. Msaada wa namna hiyo haupunguzi kiwango. Unaondoa kikwazo na kukiacha kiwango palepale.

Tukisifu, tusifiche gharama. Tangu mwaka 2016 mwalimu mkuu hulipwa posho ya madaraka ya shilingi 200,000 kwa mwezi, na Afisa Elimu Kata 250,000. Hizo ni stahili zao. Mlezi hapewi kitu. Ana vipindi vyake vyote, ana darasa lake lililofurika, na saa anazompa kijana anazitoa kwenye jioni yake. Tena si kila mkongwe ni mlezi. Wapo wanaompokea mgeni na kumfundisha kwanza jinsi ya kukwepa: mlango wa kutokea, sentensi ya kuandika, afisa wa kumwogopa. Nao wanafundisha uongozi wa aina yake, na shule zinauvuna. Kumwacha mwalimu mpya aokotwe na yeyote aliye karibu na kiti ni bahati nasibu tunayoicheza na watoto wetu.

Ndiyo maana ustadi huu unastahili zaidi ya pongezi za siku ya kustaafu. Unastahili nafasi kwenye ratiba: vipindi viwili vitatu kwa wiki vinavyoondolewa kwa mlezi ili aweze kukaa nyuma ya darasa la mwenzake. Unastahili kuulizwa wakati wa kuteua viongozi. Leo mwombaji hutazamwa elimu yake, miaka yake kazini na rekodi yake ya nidhamu. Aongezewe swali la nne: ni mwalimu gani alimkuta akitetemeka mbele ya darasa akamwacha akilimudu? Anayeweza kutaja wawili watatu ameshaonyesha kwamba anaijua kazi anayoiomba.

Na mlezi mwenyewe apimwe kwa kipimo kirefu. Kijana wake akiwa mwalimu mkuu, hilo ni jema, ila halijamaliza hesabu. Tusubiri wiki ambayo shule yake mpya itapokea mwalimu kutoka chuoni. Kama mkuu huyo ataifungua ratiba siku hiyo hiyo, akamtafutia mgeni mtu wa kukaa naye na kumpunguzia mtu huyo vipindi bila kuombwa, basi kazi ya yule mama wa madarasa ya chini imekamilika, na shule mbili zimefaidika naye.